Shamba la Kijiji, Madini ya Jamhuri: Watu wa Misituni Wanagombea Nini Hasa?

Kila zinapofika habari kwamba watu wa msitu wa Amazon wameizuia kampuni ya mafuta isiingie kwao, hapa Dodoma husikika hoja moja, vijiweni na hata maofisini: hao hawataki maendeleo. Wamekalia mali, hawaitumii wala hawawaachii wengine. Hoja hiyo hainiridhishi. Ukiufuatilia ugomvi wenyewe hatua kwa hatua, unakuta haukuanzia kwenye mafuta. Ulianzia kwenye swali la nani aliulizwa, aliulizwa lini, na jibu lake lilikuwa na nguvu gani. Swali hilo linatuhusu. Wakazi wa Bahi na Manyoni walianza kuliuliza zaidi ya miaka kumi iliyopita, wakati kampuni ya Uranex kutoka Australia ilipokuwa ikitafuta urani maeneo hayo, na mpaka leo halijapata jibu.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zinamtambua mwanakijiji anayemiliki kwa mila. Anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila na kuwarithisha wanawe. Lakini Sheria ya Ardhi inapoeleza ardhi ni kitu gani, inataja uso wa nchi na vilivyo chini yake, halafu inayaondoa madini na mafuta. Madini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na leseni zake hutolewa na Tume ya Madini, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa jijini. Mkulima wa Itigi anaweza kuwa na hati halali ya shamba ambalo chini yake kuna jasi, na jasi ile isiwe yake. Mwingine anaweza kupata leseni ya kuichimba, nayo ikawa halali vilevile. Kipande kimoja cha nchi, karatasi mbili za serikali, na hakuna kati yao iliyo ya kughushi.

Huko Amerika ya Kusini mambo yalipangwa hivyo hivyo. Mwaka 1992 watu wa asili wa mkoa wa Pastaza, mashariki mwa Ekwado, walitembea kwa miguu kutoka mji wa Puyo hadi mji mkuu, Quito, kudai hati za ardhi ya mababu zao. Walizipata. Miongoni mwao walikuwa Wakichwa wa Sarayaku, jamii ya watu wapatao 1,200 kandokando ya mto Bobonaza, ambao eneo lao lina hekta zipatazo 135,000. Hati ziliandikwa kwamba ardhi ni yao, ila vilivyo chini ya ardhi vinabaki kuwa vya taifa. Miaka minne baadaye, mwaka 1996, shirika la mafuta la serikali lilisaini mkataba na kampuni ya Argentina, CGC, kwa ajili ya kutafuta mafuta katika Kitalu namba 23. Asilimia 65 hivi ya kitalu hicho ilikuwa ndani ya eneo la Sarayaku, na Wakichwa hawakuulizwa neno.

Kilichofuata nakieleza kwa urefu, kwa sababu hukumu ya kesi yao inaonyesha vizuri jinsi ridhaa ya watu inavyoweza kutengenezwa kwenye karatasi.

Kampuni ilitoa ahadi ya dola 60,000 kwa miradi ya maendeleo pamoja na ajira 500 za wanaume. Mwaka 2000 jamii iliitisha mkutano wake mkuu, mwakilishi wa kampuni akiwepo, ikakataa. Kukataa hakukutosha. Ikaletwa timu ya matibabu. Mgonjwa aliyetaka kutibiwa alitakiwa kwanza kusaini orodha, na baadaye orodha zile zikaelezwa kuwa ni barua za watu wanaounga mkono kazi ya kampuni. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kijiji hapa kwetu ataelewa jambo hili bila kufafanuliwa zaidi. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, watu wanaandika majina na kuweka saini au dole gumba, posho ya nauli inatolewa, na mwezi unaofuata karatasi ileile inaambatanishwa kwenye muhtasari unaosema kijiji kimeridhia.

Kampuni ilipoanza kufyeka njia msituni mwishoni mwa mwaka 2002, Wakichwa waliweka kambi kwenye mipaka ya eneo lao na kuziita kambi za amani na uhai. Wanaume kwa wanawake, vijana na wazee, walihamia huko kwa miezi kadhaa. Mashamba ya mihogo na ndizi yakakosa mtu wa kuyapalilia, shule ikafungwa kwa miezi mitatu, watu wakaishi kwa kile walichokiokota msituni. Wakati huo huo kampuni ilikuwa inatega baruti ardhini. Hivyo ndivyo mafuta yanavyotafutwa: baruti inalipuliwa, mitetemo inapimwa, na wataalamu wanajua kilichoko chini. Hadi kazi ilipositishwa mwanzoni mwa mwaka 2003, zilikuwa zimefukiwa karibu tani moja na nusu za baruti katika eneo la kuwindia, la kuvulia na la kufanyia matambiko. Mti wa mganga mmoja, ambao dawa zake zilitegemewa, uliangushwa.

Wakichwa waliishtaki serikali yao, na kesi ilichukua miaka. Mwezi Aprili 2012 wajumbe wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika walisafiri mpaka Sarayaku kwenyewe, jambo ambalo mahakama hiyo haikuwa imewahi kulifanya katika kesi nyingine yoyote. Papo hapo, mbele ya wanakijiji, mwakilishi wa serikali ya Ekwado alikiri kwamba serikali ilikosea. Hukumu ilitolewa tarehe 27 Juni 2012. Serikali iliamriwa kulipa fidia inayozidi dola milioni 1.3 na kuiondoa baruti ile kutoka ardhini.

Katika hukumu hiyo kuna mambo mawili ambayo ningependa kila diwani na kila mtendaji wa kijiji ayajue. La kwanza: wajibu wa kushauriana na wananchi ni wa serikali yenyewe, na serikali haiwezi kuukabidhi kwa kampuni. Mwekezaji hawezi kutumwa kwenda kuwauliza watu kama wanamtaka mwekezaji. La pili: mashauriano hufanywa kabla, tangu mradi unapoanza kupangwa, kwa lugha na taratibu za watu wenyewe. Kuwaita watu ili kuwaarifu juu ya mkataba uliokwisha kusainiwa hakuitwi kushauriana.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili, kushauriwa na kuridhia. Ukishauriwa, unasikilizwa na mwenye uamuzi ni mwingine. Ukitakiwa kuridhia, bila ndiyo yako jambo haliendi. Serikali karibu zote hupenda la kwanza, na watu wa misituni hudai la pili. Mwaka 2007, katika kesi ya Wasaramaka wa Surinamu, mahakama ile ile ilisema kwamba mradi mkubwa unaoweza kuathiri sana maisha ya jamii katika ardhi yake unahitaji ridhaa ya jamii hiyo, siyo mashauriano pekee. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa mwaka huo huo kwa kura 144 dhidi ya 4, linatumia maneno ya ridhaa iliyo huru, iliyotolewa mapema, na yenye taarifa kamili. Tanzania ilipiga kura ya kuliunga mkono. Azimio, hata hivyo, halibani kama mkataba. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1989, ndio unaozibana nchi zilizouridhia, na Tanzania haimo.

Jirani wa Sarayaku, Wawaorani, walionyesha mwaka 2019 ni umbali gani mashauriano mabovu yanaweza kufika kabla hayajagunduliwa. Serikali ilidai ilikwisha kushauriana nao mwaka 2012 kuhusu Kitalu namba 22. Wazee wao wakaeleza mahakamani jinsi maofisa walivyofika kwa muda mfupi na kuondoka, maelezo yakatolewa kwa namna ambayo wengi hawakuielewa, na wazee wenye kauli katika jamii hawakuhusishwa ipasavyo. Mahakama ya mkoa wa Pastaza iliwapa ushindi mwezi Aprili, hekta zipatazo 180,000 zikaokoka, na rufaa ya serikali ikagonga mwamba. Nemonte Nenquimo, mama aliyeongoza kesi hiyo, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka uliofuata.

Sasa turudi Afrika, ambako jambo linakuwa gumu zaidi. Ekwado ina katiba inayowatambua watu wa asili kama mataifa ndani ya taifa. Serikali yetu, kama nyingi za Afrika, husema Waafrika wote ni wa asili ya hapa, kwa hiyo hakuna kundi moja litakalopewa haki ambazo wengine hawana. Naielewa hofu iliyo nyuma ya msimamo huo: nchi iliyojengwa kwa kukataa ukabila haitaki kurudi kwenye kuhesabu nani alitangulia. Lakini msimamo huo haujibu hoja ya Mhadzabe anayeishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, ambaye akipoteza pori hana kiwanja mjini cha kukimbilia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, haikuikubali hoja ya kwamba sote ni wa asili sawa. Tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Waogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya, ni watu wa asili, na kwamba kuwafukuza msituni kulivunja haki zao, ikiwemo haki ya kunufaika na maliasili za ardhi yao. Mwaka 2022 iliiamuru Kenya iwalipe fidia na kuwapa hati ya pamoja ya ardhi hiyo.

Mtanzania aliye Kondoa au Mkalama anaweza kudhani mlango huo uko wazi kwake, kwa kuwa Arusha ni mwendo wa basi wa siku moja. Hauko wazi. Mwezi Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Niliona ni hasara kubwa wakati ule, na bado naona hivyo.

Hivyo Mgogo wa Bahi hawezi kuitumia njia ya Wasarayaku. Hata angetaka, yeye si mtu wa msituni, ni mkulima na mfugaji kama mamilioni ya wengine. Alicho nacho ni kijiji. Tusikidharau. Kwa sheria, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Nchi nyingi za Afrika hazina kitu cha namna hiyo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda waliutumia mfumo huo huo kupata hati ya kimila ya pamoja, bila kulazimika kuthibitisha mahakamani kwamba wao ni wa asili kuliko jirani.

Lakini mfumo huo una tundu, na tundu lenyewe liko katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena ya kijiji, kwa manufaa ya umma, na uwekezaji wenye maslahi ya taifa unahesabiwa humo. Ardhi hiyo ikiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hekta 250, kijiji kinatoa maoni yake na Waziri ndiye anayeamua. Soma tena sentensi hizo mbili. Kadiri eneo linalotakiwa linavyokuwa kubwa, ndivyo sauti ya wenye ardhi inavyopungua. Kwa ekari chache za kujenga ghala kijiji kina kura ya kukataa. Kwa mgodi unaoweza kuhamisha vitongoji vizima, kina maoni. Ningebadilisha kifungu kimoja tu katika sheria za ardhi za nchi hii, kingekuwa hiki.

Kuna na suala la wakati. Leseni ya utafutaji wa madini hutolewa kwanza, kijiji hujua baadaye. Mara nyingi dalili ya kwanza ni gari la kampuni limeegeshwa ofisi ya kijiji, vijana wawili watatu wameajiriwa kubeba sampuli, na mashimo yameanza kuonekana mbugani. Sheria ya Madini inadai ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi pale mchimbaji anapotaka kufanya kazi karibu na nyumba zinazokaliwa au mashamba yaliyolimwa. Inasema pia kwamba ridhaa hiyo ikinyimwa bila sababu ya msingi, mamlaka inaweza kuamua kwamba haihitajiki. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe, huja wakati mgodi umekwisha kupangwa na fedha nyingi zimekwisha kutumika. Wakati huo, anayesema hapana anaonekana mkorofi.

Bahi inatuonyesha kwa nini wakati una uzito. Bonde lile halina njia ya kutolea maji. Mto Bubu na vijito vingine humwaga maji na tope humo, jua linayakausha, na yote yaliyobebwa na maji yanabaki. Ndiyo sababu mpunga unastawi, samaki wanapatikana mvua zikiwa nzuri, na ng'ombe wanapata majani wakati sehemu nyingine za Ugogo zimebaki vumbi. Urani ya Bahi na Manyoni ililetwa na jambo hilo hilo: maji yaliiyeyusha kutoka kwenye miamba ya juu, yakaileta bondeni, yakakauka na kuiacha pamoja na chokaa, mita chache tu chini ya uso wa ardhi. Maji yaliyoleta mpunga ndiyo yaliyoleta urani. Huwezi kuchimba kimoja ukaacha kingine kilivyo, na bonde lisilotoa maji halitoi pia taka za mgodi. Wakazi waliokuwa wakiuliza kuhusu maji na mpunga hawakuwa wajinga wa sayansi. Walikuwa wameliona jambo lenyewe kabla ya mtaalamu yeyote kuja kuwaeleza.

Mgodi haukufunguliwa, ila si kwa sababu kuna aliyewajibu. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwezi Machi 2011, bei ya urani duniani ilishuka na wawekezaji wakapoteza hamu. Uranex ilibadilisha jina na kugeukia madini ya kinywe kusini mwa nchi. Urani bado ipo pale pale, na bei hupanda tena.

Fedha nazo zisemwe wazi, kwa kuwa wanaopinga uchimbaji hulaumiwa kwamba wanainyima nchi mapato. Mapato ni ya kweli. Serikali yetu inachukua mrabaha, ambao kwa dhahabu ni asilimia 6, hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, pamoja na kodi. Halmashauri hupata ushuru wa huduma ambao ni sehemu ndogo ya mauzo, na kampuni hutakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa huduma kwa jamii. Kijiji chenyewe, kile ambacho mbuga yake imechimbwa, hakina asilimia yake kwenye hesabu hiyo. Kinasubiri darasa au zahanati.

Na watu wenyewe hawakubaliani. Majirani kadhaa wa Sarayaku walisaini na kampuni, na mwezi Desemba 2003 Wakichwa zaidi ya mia waliokuwa wakienda kuandamana Puyo walishambuliwa njiani, Canelos, na watu wa damu yao. Mafuta yalikuwa hayajatoka hata debe moja, na ndugu walikuwa wamekwisha kugawanyika. Mwaka 2007 rais wa Ekwado wa wakati huo, Rafael Correa, aliiomba dunia ichange dola bilioni 3.6 ili mafuta ya mbuga ya Yasuní yaachwe ardhini. Hadi mwaka 2013 zilikuwa zimeingia dola milioni 13 hivi, mpango ukafutwa, na uchimbaji ukaanza mwaka 2016. Tarehe 20 Agosti 2023 wananchi wa nchi nzima waliulizwa swali hilo kwa kura ya maoni, na asilimia 59 wakasema mafuta ya Kitalu namba 43, kilichomo katika mbuga hiyo, yaachwe. Mahakama ilitoa mwaka mmoja wa kuondoka. Serikali ikasema kuvifunga visima vyote kutachukua zaidi ya miaka mitano.

Kwa wanaoishi Bahi, Manyoni, Mpwapwa, Ikungi au popote panapochorwa vitalu katika mikoa hii, kuna hatua ambayo haihitaji mahakama. Leseni za madini zina ramani yake inayoweza kutazamwa mtandaoni, na mwalimu au kijana mwenye simu nzuri anaweza kuangalia kama kijiji chake kimo ndani ya leseni ya mtu. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ramani hiyo inaweza kuwa ajenda ya kwanza, kabla ya gari la kampuni kufika, muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo, na karatasi ya mahudhurio ibaki na kichwa cha habari kinachosema wazi kwamba hayo ni mahudhurio.